Kichwa Kinachouma Bila Malaria

Kichwa kikiuma, mtu huwaza malaria kwanza, na hakosei, apimwe. Lakini kuna kichwa ambacho kipimo hakioni kitu. Homa hakuna, shingo haijakakamaa, na bado kinabana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa kupita kiasi. Mwenye nacho analima, anauza ndagala, anapanda pikipiki kwenda mji wa Fizi. Kazi haimshindi, ila raha hana. Kikimuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, madaktari hukiita cha kudumu.

Sokoni utamkuta mama amefunga vidonge vya parasetamoli kwenye pindo la kitenge, pamoja na chenji. Kimoja alfajiri kabla ya kujitwisha beseni, viwili jua la utosi. Akifanya hivyo nusu ya mwezi, mwezi baada ya mwezi, vidonge vyenyewe huanza kuleta maumivu anayoyakimbia. Tramadoli na kodeini ni mbaya zaidi: siku 10 kwa mwezi zinatosha.

Dawa ya kuzuia kichwa hiki ni nyingine kabisa. Inaitwa amitriptilini, na ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, ile huzuni isiyobanduka. Mwaka 1964, James Lance na mwenzake Curran, madaktari wa Australia, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuilinganisha na kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani: ilipunguza maumivu ya kichwa ya kudumu. Hapo maneno yakaanza. Kumbe ni dawa ya wenye matatizo ya akili! Wapo wanaoirudisha kwa sababu hiyo tu.

Jibu zuri lilitoka Denmark mwaka 1996. Lars Bendtsen na wenzake walichukua wagonjwa wa kichwa wasio na sonona, wakawapa kwa zamu amitriptilini, dawa mpya zaidi ya sonona iitwayo sitalopramu, na kidonge kitupu. Sitalopramu haikufua dafu. Amitriptilini ilipunguza maumivu kwa kama asilimia 30 kuliko kidonge kitupu. Kwa hiyo haitibu kichwa kwa kuondoa huzuni. Inadhaniwa hutuliza njia za neva zilizozoea kupaza maumivu. Asilimia 30 si muujiza, nakubali, lakini kwa mtu aumwaye kila siku si haba.

Huanzwa kidogo, miligramu 10 usiku, kisha huongezwa polepole, na huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu. Wengi huiacha wiki ya kwanza, wakati mdomo umekauka, choo kigumu na usingizi mzito, faida bado. Ikisaidia, baada ya miezi sita hivi hupunguzwa taratibu kuona kama bado inahitajika. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho aseme kabla hajapewa. Vidonge viwekwe mbali na watoto, maana vikizidi vinaua.

Na mvuvi je? Anayeshinda ziwani usiku kucha na taa zake akifuata ndagala hawezi kumeza dawa hii iletayo usingizi saa mbili usiku halafu akapanda mtumbwi. Amweleze muuguzi saa zake za kazi, wapange pamoja aimeze asubuhi, akisharudi na kuingia kulala.