Kabla ya Kuuza Shamba: Hesabu za Kumuuguza Mwenzi Mwenye Saratani ya Damu

Mume au mke akiambiwa ana saratani ya damu, jamaa hukusanyika kupanga mchango kabla majibu ya maabara hayajasomwa vizuri. Huyu anataja India, yule anataja shamba. Naomba kikao hicho kingoje hadi jina kamili la ugonjwa lijulikane. Saratani za damu ni nyingi na gharama zake zimeachana mno. Ipo ambayo mgonjwa huishi nayo miaka na mikaka kwa tembe moja kwa siku, na ipo inayodai alazwe wiki nzima nzima, aongezewe damu mara kwa mara na kukimbizwa hospitalini usiku. Wewe mwenzi wake ndiwe utakayebeba hesabu hizo, kwa hiyo muulize daktari akuandikie jina la ugonjwa na hatua uliyofikia.

Nianze na lukemia sugu inayoitwa CML, kwa kuwa hapa ndipo familia nyingi hutupa pesa bila sababu. Dawa yake ya kwanza, imatinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na kawaida mgonjwa humeza miligramu 400 kwa siku. Tangu 2002, kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation zimekuwa zikiwapa dawa hii bure wagonjwa wanaokubaliwa katika mpango wao, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizonufaika. Njia ya pili ni kununua dawa kama hiyo ya kampuni nyingine, nyingi zikitoka India, katika duka la dawa lililo karibu.

Ukitazama nauli pekee, kununua kunaweza kuonekana nafuu kwa mtu wa Lodwar au Mandera, maana dawa ya bure inamtaka ahudhurie kliniki kwa tarehe alizopangiwa. Hata hivyo mimi ningechagua ya bure bila kusita. Mwezi ambao karo ya shule na kodi ya nyumba vimegongana, dawa ya kununua ndiyo hukatwa kwanza. Mgonjwa anajihisi mzima, basi anasema atangoja hadi mwisho wa mwezi. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha hatari yake: kati ya waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya tembe zao, karibu 94 kwa kila 100 walifikia kiwango kizuri cha kudhibiti ugonjwa, ilhali kwa waliopungukiwa walikuwa kama 28. Asilimia kumi ni siku tatu tu katika mwezi.

Pesa utakazookoa kwenye dawa, ziweke kando kwa kipimo cha BCR-ABL, kinachohitajika kila baada ya miezi mitatu hivi mwanzoni. Bila hicho hakuna ajuaye kama tembe inafanya kazi. Kinaweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ile ile tuliyoizoea kwa kifua kikuu, ila kwa kifaa chake maalumu. Uliza kabla ya kusafiri kama kifaa hicho kipo, kwa sababu safari isiyo na kipimo huuma kuliko bei ya kipimo chenyewe.

Mailoma, aina nyingine ya saratani ya damu, ina hesabu tofauti na dawa kadhaa. Bortezomib ni sindano ya chini ya ngozi, mara nyingi kila wiki, na kila sindano ina nauli ya watu wawili pamoja na kibarua cha siku kilichopotea. Lenalidomide ni kidonge cha nyumbani: nauli inapungua, bili ya duka la dawa inapanda. Thalidomide ni ya zamani na kwa kawaida ni nafuu zaidi, lakini huleta usingizi na ganzi ya miguu, na fundi au dereva anaweza kushindwa kazi kwa ajili yake. Madaktari mara nyingi huzichanganya, kwa hiyo mweleze wako mapema unatoka wapi na unaishi kwa kazi gani. Aliye Bungoma au Kakamega aulizie Hospitali ya Moi, Eldoret, yenye huduma ya mailoma, kabla ya kulipa nauli ya Nairobi. Na jambo wanandoa huona haya kuliuliza: thalidomide na lenalidomide hulemaza mtoto tumboni. Mume anayezimeza atumie kondomu, mke anayezimeza apimwe mimba na azuie kupata mimba.

Lukemia kali ndiyo inayomaliza akiba haraka, na makazi huwa swali kubwa kuliko dawa. Tuseme shangazi ana chumba cha bure Kitengela. Karibu na Hospitali ya Kenyatta utalipa kodi. Katika miezi ya kwanza ya kemo, lipa kodi. Chembe nyeupe za damu zikishuka, joto la nyuzi 38 ni dharura isiyongoja asubuhi, na teksi za usiku kutoka Kitengela zitameza kodi yenyewe. Kipimajoto ni cha bei ndogo na ndicho kifaa cha kwanza cha kununua.

Chembe za kugandisha damu anazoongezewa mgonjwa huyu hazikai. Kwa kawaida hudumu siku tano. Zikitolewa kwenye damu ya kawaida, dozi moja ya mtu mzima huhitaji wachangiaji wanne hadi sita, lakini mashine ya kuzichuja huzipata kwa mtu mmoja, ila kifaa chake kina bei. Badala ya kuomba pesa tu kwenye chama na kanisani au msikitini, omba pia majina na simu za watu walio tayari kutoa damu kwa zamu. Ikiwa kupandikiza uboho kunafikiriwa, muulize daktari kwanza kabla ndugu wa damu hawajamchangia mgonjwa.

Ndugu hao ndio tegemeo: kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kikamilifu. Mwenzi ni nadra kulingana. Wapimwe kabla ya tiketi kununuliwa. Kupandikizwa uboho wa mtu mwingine huko India kunamaanisha kukaa karibu na hospitali takriban siku mia, na kodi na chakula cha msindikizaji havimo katika bei mtakayotajiwa.

Kisha bima ya afya ya serikali, SHA. Ilipoanza Oktoba 2024, ilitenga shilingi 400,000 kwa saratani, na 150,000 zaidi hizo zikiisha, kwa mwaka na kwa kaya nzima. Uliza salio kabla ya kila awamu ya matibabu. Na ikiwa mmoja wenu lazima aache kazi, hesabuni tena: mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, lakini asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipia mwaka mzima mapema. Barua ya kuacha kazi isipelekwe kabla malipo hayo hayajapangwa, na kabla hamjaomba likizo bila malipo.