MARADHI YA NYAYO NA VIFUNDO VYA MIGUU: DALILI ZAKE NA NJIA ZA TIBA

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na watumishi wa Serikali waliopangiwa kazi katika sehemu hizo, wanakumbushwa kuwa nyayo na vifundo vya miguu ni viungo vinavyostahili kutazamwa na mganga kama yanavyotazamwa macho na meno. Ukumbusho huu umelazimu kwa sababu wagonjwa wengi huyachukulia maumivu ya mguu kuwa ni uchovu wa kazi tu, wakafika hospitali wakati ambapo jambo lililobaki kuzungumzwa ni kukata.

Mkoa wa Mara ni mkoa wa watembeaji. Mwezi wa Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoka kijijini kwake Butiama akaenda kwa miguu hadi Mwanza, mwendo unaozidi kilomita 200, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Safari ile hutajwa kwa siasa yake. Ni nadra kutajwa kazi iliyofanywa na nyayo. Wayo mmoja una mifupa 26 na maungio 33, na kila hatua uzito wa mwili mzima huupitia. Mkulima wa pamba wa Bunda, mvuvi wa dagaa wa Mwigobero au wa kisiwa cha Rukuba, mchimbaji dhahabu wa Buhemba, na mwalimu asimamaye mbele ya ubao tangu asubuhi, kila mmoja huzichosha nyayo zake kwa namna yake.

Katika nchi kama Uingereza na Afrika Kusini, vyuo vikuu hufundisha fani ya kutibu nyayo na vifundo peke yake, iitwayo podiatria. Katika Tanzania wataalamu wa fani hiyo ni wachache mno, lakini isidhaniwe kuwa kazi yao haina wa kuifanya. Imegawanywa baina ya tabibu, muuguzi wa kliniki ya kisukari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, daktari wa upasuaji wa mifupa, na fundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Mafundi sanifu hao hufundishwa katika chuo kilichopo KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981, nacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mgonjwa asiyempata mtaalamu mmoja wa yote, basi huwapata hao.

Yapo maradhi madogo ambayo hayahitaji maneno mengi. Fangasi za vidoleni huwapata zaidi wanaoshinda na miguu mibichi, kama wavuvi na wavaao gambuti kutwa nzima. Dawa ya kupaka huponya, ila itumike kwa majuma yote aliyoagiza mganga, si kuiacha siku muwasho unapotulia. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku hupitisha maji baina ya vidole kama inavyotakiwa. Apitishe na kitambaa kikavu baada yake, kwani unyevu unaobaki ndio chakula cha fangasi. Magaga ya kisigino hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu na mafuta ya mgando kila usiku. Sugu hupunguzwa na mtaalamu kwa kisu safi, kisha hutafutwa kiatu kilichoileta. Kuikata nyumbani kwa wembe ni kufungua mlango wa usaha. Kucha ikatwe kwa unyoofu, pembe zake zisichimbwe. Iliyokwisha kuingia katika nyama hutolewa ubavu wake kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Aliyechomwa na msumari au mwiba mkubwa aende zahanati kuuliza habari ya chanjo ya pepopunda hata kama tundu lenyewe halionekani.

Maumivu ya kisigino yanaeleweka vibaya zaidi. Mtu huamka asubuhi, na hatua za kwanza kutoka kitandani humchoma kisigino kama aliyekanyaga mwiba. Akitembea kidogo maumivu hupungua, na jioni hurudi. Chanzo chake mara nyingi ni kuchoka kwa utando mgumu ulio chini ya wayo, unaounganisha kisigino na vidole. Huwapata sana wanaosimama kwa saa nyingi, walioongezeka uzito, na wanaovaa kandambili nyembamba zisizo na soli ya kuhimili. Tiba yake ni ya subira: kunyoosha misuli ya ndama ya mguu na utando wenyewe kila siku kabla ya kusimama, kuvaa kiatu chenye kisigino laini kilichoinuka kidogo, na kupunguza kusimama pale inapowezekana. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Wanaokimbilia sindano za maumivu mwezi hadi mwezi hupata nafuu ya muda, wala chanzo hakiondoki.

Kifundo cha mguu huteguka kwa kukanyaga vibaya juu ya mawe, katika mpira wa miguu, na siku hizi zaidi kwa ajali za bodaboda. Siku mbili tatu za mwanzo mguu upumzishwe, ufungwe bandeji isiyobana kupita kiasi, uinuliwe juu ya mto, na uwekewe kitambaa kilichochovywa maji baridi. Desturi ya kuukanda kwa maji ya moto na kuuvuta saa ile ile huongeza uvimbe, nayo ni desturi iliyokita mizizi mijini na vijijini. Mgonjwa asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia mfupa wenyewe wa kifundo unapobonyezwa, apelekwe kupigwa picha ya eksirei, kwani huenda si teguko bali ni mvunjiko. Maumivu yakipungua, mtaalamu wa mazoezi humfundisha kusimama kwa mguu mmoja na kujenga upya uthabiti. Asiyefanya hivyo huteguka tena pale pale. Watoto wanaopakiwa nyuma ya baiskeli nao hunaswa visigino katika spoki. Jeraha hilo huonekana dogo siku ya kwanza, na baada ya siku chache ngozi yote ya kisigino huweza kufa. Lioneshwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Wapo pia watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuingia ndani, hali iitwayo mguu kifundo, ambayo humpata takribani mtoto mmoja katika kila watoto elfu. Si adhabu wala si kosa la mama. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alibuni katikati ya karne ya 20 njia ya kuunyoosha mguu kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, kwa kawaida tano hadi nane, na mara nyingi mkato mdogo wa kano ya kisigino kabla ya plasta ya mwisho. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ubao, karibu kutwa nzima kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi afike umri wa miaka minne au mitano. Njia hiyo hutumika Tanzania. Wazazi wengi huvumilia plasta bila manung'uniko, wakachoka na viatu vya usiku kwa kuwa mguu umekwisha kunyooka. Ndipo mguu hurudi kupinda.

Hayo yote yanauma au yanaonekana, na kwa hiyo humsukuma mtu kwenda kwa mganga. Hatari kubwa kuliko zote ni mguu usiouma.

Kisukari kilichokaa mwilini kwa miaka bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo na kuifanya mishipa ya damu kuwa myembamba. Mwanzoni mgonjwa husikia kuchomwachomwa na kuwaka moto nyakati za usiku, baadaye ganzi, na mwishowe hasikii kitu. Hapo ndipo hudhani amepona. Mtu wa namna hiyo huweza kutembea kutwa na kijiwe ndani ya kiatu, au kutia miguu katika maji yanayounguza akiyaona ni ya uvuguvugu. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa nyayo na panya wakiwa usingizini, pasipo kuamka. Wenye nyumba zenye panya wasiichukulie habari hiyo kuwa kichekesho. Kulala katika chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro ni kinga ya miguu pia.

Uchunguzi wake hauna gharama kubwa. Mganga huubonyeza wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, na mgonjwa, akiwa amefumba macho, hutaja anapoguswa. Kisha hutafutwa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Kila mwenye kisukari anastahili kufanyiwa hivyo walau mara moja kwa mwaka, na ni haki yake kuuliza iwapo kliniki imemtazama mkononi tu bila kumvua viatu.

Kidonda kikiwa kimetokea, mtaalamu huondoa nyama iliyokufa na sugu iliyokizunguka, hukisafisha na kukifunga, hutoa dawa ya kuua vijidudu pale vilipoingia, na kusimamia sukari ya damu. Hata hivyo, sehemu ya tiba inayosahauliwa zaidi ni kuuondolea wayo uzito, kwa plasta maalumu, kwa kiatu kilichotobolewa mahali pa kidonda, au kwa magongo. Kidonda cha chini ya wayo hakifungi huku kinakanyagwa. Mgonjwa atembeaye kilomita tano kwenda kubadilisha bandeji na tano kurudi huwa anakijeruhi upya kila siku anapokitibu. Ndugu zake wamtafutie usafiri, au wajifunze kukisafisha nyumbani na kumpeleka kwa mganga kwa siku zilizopangwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa nchini mpango wa kuwafundisha daktari na muuguzi kwa pamoja utunzaji wa nyayo za wenye kisukari, ili ujuzi huo usibaki Dar es Salaam peke yake.

Ganzi hutokana pia na ukoma. Mwenye baka mwilini lisilosikia mguso, au wayo uliopoteza hisia, apimwe. Dawa zake hutolewa bila malipo, na akizianza mapema huepuka ulemavu.

Kwa utaratibu, mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, huandikiwa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Musoma. Mambo yanayoishinda hupelekwa Bugando, Mwanza. Asisubiri siku ya kliniki mwenye kisukari ambaye kidonda chake kinanuka au kimezungukwa na wekundu, ambaye kidole chake kimekuwa cheusi, au ambaye wayo wake umevimba na kuwa na joto ijapokuwa hauna jeraha wala maumivu. Huyu wa mwisho aache kuukanyaga mguu huo tangu saa ile, kwani huenda mifupa inasagika ndani.

Wakuu wa Idara wanaombwa kuwapa ruhusa watumishi wenye kadi za kliniki ya kisukari siku zao zinapofika. Mgonjwa aende na kadi yake, dawa anazotumia, na viatu anavyovaa kila siku, si vile vya sikukuu, kwa kuwa mganga hutaka kuona mahali soli ilipolika.