Kigawo si Kigawe: Fahamu Istilahi za Hesabu Zinazowakosesha Wanafunzi Alama

Na Mwandishi Wetu

Mwanafunzi anaweza kuwa hodari wa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, lakini akakosa swali la Hisabati kwa sababu hakuelewa neno moja lililotumika katika swali hilo. Kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kuelewa istilahi ni sehemu ya kulijibu swali. Makala haya yanafafanua baadhi ya istilahi hizo kwa manufaa ya wanafunzi, wazazi na walezi.

Shufwa, witiri na tasa

Namba nzima inayogawanyika kwa 2 bila baki huitwa namba shufwa, kama vile 2, 4 na 6. Sifuri nayo ni shufwa, kwa kuwa ikigawanywa kwa 2 haibakizi kitu. Namba nzima isiyogawanyika kwa 2 bila baki huitwa namba witiri, kama vile 1, 3 na 5.

Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na namba yenyewe. Mifano ni 2, 3, 5, 7 na 11. Namba 1 si tasa, kwa sababu ina kigawo kimoja tu. Namba 2 ndiyo shufwa pekee iliyo tasa. Aidha, si kila witiri ni tasa: 91 huwadanganya wengi, ilhali ni zao la 7 na 13.

Kigawo na kigawe

Istilahi hizi hutofautiana kwa herufi moja, lakini maana zake ni mbali. Kigawo cha namba ni namba inayoigawa bila baki. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Kigawe hupatikana kwa kuizidisha namba. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36 na kuendelea bila kikomo.

Kutokana na hayo hupatikana Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS). Mwalimu mwenye madaftari 24 na kalamu 36 anayetaka kuvigawa sawasawa kwa wanafunzi wengi iwezekanavyo hutafuta KKS, ambayo ni 12. Kila mmoja atapata madaftari 2 na kalamu 3. Iwapo daladala mbili zimeondoka kituoni pamoja, na moja huondoka kila baada ya dakika 12 na nyingine kila baada ya dakika 18, swali la lini zitaondoka tena pamoja huhitaji KDS, ambayo ni 36.

MAGAZIJUTO isomwe kwa uangalifu

Neno MAGAZIJUTO huwakumbusha wanafunzi mpangilio wa matendo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hata hivyo, mwanafunzi akilifuata bila kuzingatia alama anaweza kupotoka.

Katika swali 20 − 8 + 5, baadhi hujumlisha 8 na 5 kwanza kupata 13, kisha hutoa na kuandika 7. Jibu hilo si sahihi. Alama ya kutoa inaihusu 8 peke yake, 5 inaongezwa. Kujumlisha kwanza maana yake ni kukusanya 20 na 5 kuwa 25, kisha kutoa 8 na kupata 17. Anayekokotoa kutoka kushoto kwenda kulia hupata jibu hilohilo: 20 − 8 ni 12, na 12 + 5 ni 17.

Vivyo hivyo, 24 ÷ 6 × 2 ni 8. Anayezidisha kwanza hupata 2, jibu ambalo si sahihi.

Wazazi na walezi wanahimizwa kumwomba mtoto aeleze maana ya kila istilahi iliyomo katika swali kabla hajaanza kukokotoa. Akiweza kuieleza kwa maneno yake, njia ya kulipata jibu itakuwa imeanza kufunguka.