Tabibu wa Usemi na Mtoto Asemaye Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kazi ya tabibu wa usemi anayewatazama watoto wadogo wasemao Kiswahili, na kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoitegemea elimu ya lugha. Wengi hudhani kuwa hili ni tawi la udaktari tu, lisilowahusu wachunguzi wa lugha. Sivyo. Tabibu anapoletewa mtoto wa miaka minne, hutaka kwanza kujua kama masikio yake yasikia sawasawa. Lakini swali linalofuata si la dawa, ni la lugha: je, usemi wa mtoto huyu una upungufu, au wafuata kanuni za umri wake na za watu waliomlea? Asipolijibu kwa haki, huenda mtoto asiye na kasoro akahesabiwa mgonjwa, au mwenye shida akarudishwa nyumbani na wazee wake wakaambiwa wangoje. Makosa yote mawili yana hasara kubwa, kwa kuwa mtoto asiyeeleweka aghalabu huchelewa kupelekwa shule, na pengine hupewa jina la bubu au la mjinga, na jina hilo humfuata hata ukubwani.

Kazi yenyewe ingali changa katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kilianza kuifundisha kwa shahada mwaka 2008. Elimu yake na vipimo vyake vingi vilitungwa kwa lugha za Ulaya, hasa Kiingereza, na hapo ndipo msaada wa wataalamu wa Kiswahili unapotakiwa.

I. Majina ya kasoro

Kiswahili kinayo maneno yake ya asili katika jambo hili. Mwenye kukatakata maneno na kurudia silabi ana kigugumizi. Asiyeweza kutamka baadhi ya herufi vyema ana kitembe. Asiyesema kabisa ni bubu. Maneno haya ni mazuri, ila neno kitembe limebebeshwa mzigo mkubwa mno, maana watu wengi hulitumia kwa kila mtoto asiyesema kama wenziwe. Tabibu hana budi kupambanua mambo manne: sauti itokayo kooni, matamshi, yaani kuunda konsonanti na irabu mahali pake, mfululizo wa maneno, na lugha yenyewe, yaani kuyajua maneno na kuyapanga, katika kuelewa na katika kunena.

Tuseme wameletwa watoto wawili wa umri mmoja. Wa kwanza asema: "Mama, tile titabu tangu tito wapi?" Wa pili asema: "Mama, kitabu wapi?" Msikilizaji wa kawaida atasema kuwa wa kwanza ndiye mwenye shida kubwa zaidi, kwa kuwa maneno yake yachekesha. Lakini mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kwamba upatanisho wake ni kamili: kile, kitabu, changu na kiko vyote vimo, ila kila penye k au ch yeye ameweka t. Kasoro yake ni ya matamshi. Wa pili atamka kila herufi ipasavyo, lakini hana kiashirio, hana kimilikishi, wala hana kiambishi cha ngeli katika kitenzi. Ikiwa hivyo ndivyo asemavyo siku zote akiwa na miaka minne, yeye ndiye anayehitaji kuangaliwa zaidi, kwani upungufu wake ni wa lugha. Watoto hawa hawawezi kupewa mafunzo mamoja, ijapokuwa jirani zao huwaita wote wenye kitembe.

II. Kwa nini vipimo vya Kiingereza havitoshi

Kipimo cha Kiingereza hutazama sana konsonanti za mwisho wa neno, kwa kuwa mtoto wa Kiingereza mwenye shida mara nyingi huziacha. Katika Kiswahili neno huishia kwa irabu, basi sehemu hiyo ya kipimo haina kazi. Kwa upande mwingine, maneno mengi ya Kiingereza anayojifunza mtoto mdogo yana silabi moja tu, na mtoto wetu hukutana mapema na maneno ya silabi tatu, nne na tano. Mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, silabi ya kwanza ndiyo iliyo dhaifu, na ndiyo idondokayo: samaki huwa maki. Kadhalika konsonanti zenye ving'ong'o hupunguzwa, ndizi ikawa dizi na mbuzi ikawa buzi.

Hapa pana fumbo linalostahili kufikiriwa na wanasarufi. Mtoto akisema kombe badala ya kikombe, ameacha nini? Yamkini ameacha silabi dhaifu ya mwanzo, kama alivyofanya katika maki. Hilo ni jambo la matamshi. Yamkini pia hajakijua kiambishi ki- kuwa ni alama ya ngeli. Hilo ni jambo la sarufi. Neno moja halitoshi kutoa hukumu. Yafaa tabibu alinganishe maneno ya urefu mmoja, baadhi yenye kiambishi na baadhi yasiyo nacho. Mtoto asemaye maki na kombe amelemewa na idadi ya silabi. Asemaye samaki kwa ukamilifu, lakini huiacha ki- katika kikombe, atiliwe shaka ya ngeli; na hapo asikilizwe kama husema "kombe langu limevunjika," au "kombe changu kimevunjika." Akisema hivi vya pili, ngeli anaijua, ila hakuitamka katika jina. Hakuna kipimo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kiwezacho kuuliza swali kama hilo.

III. Lahaja na lugha za nyumbani

Hatari kubwa kuliko zote ni kuiita lahaja ugonjwa. Mtoto wa Mvita asemaye kuteka kwa maana ya kucheka, mato kwa macho, na ndia kwa njia, hakukosea. Amesema kama babu zake. Lakini tabibu ajuaye Kiswahili sanifu peke yake ataandika kwamba mtoto huyu ameshindwa kutamka ch na j, kwa sababu kweli wako watoto wa Unguja wanaosema vivyo hivyo kwa udogo wa ulimi. Tamko ni moja, sababu ni mbili; na dawa ya mmoja ni mazoezi, ya mwingine ni kumwacha alivyo.

Vivyo hivyo kwa herufi l na r. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Wakikuyu huenda akazichanganya, kwa kuwa lugha ya wazazi wake haizitumii zote mbili kutofautisha maana. Herufi th, dh, gh na kh, zilizotujia pamoja na maneno ya Kiarabu, hazitamkwi na watu wazima wote. Nyumbani kwa mtoto asemaye zahabu na samani, mara nyingi baba na mama nao husema zahabu na samani. Kwa hiyo kanuni ya tabibu ni hii: kabla ya kuandika kosa la mtoto, msikilize mama yake akilitamka neno lilo hilo.

Jambo hili laingia hata katika sarufi. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watoto wanne wa Nairobi, alionyesha kwamba watoto wadogo huacha viambishi vya nafsi na vya wakati katika vitenzi. Lakini alionyesha pia kwamba watu wazima wa mji huo wenyewe, katika mazungumzo ya kawaida, huenda wakakiacha kiambishi cha nafsi. Ampimaye mtoto wa Nairobi kwa sarufi ya kitabuni humdai kile ambacho hajapewa na wazazi wake.

IV. Kuzungumza na jamaa

Mtoto hakai na tabibu ila muda mfupi katika juma. Siku zote zilizobaki hukaa na jamaa zake. Basi kazi iliyo kubwa ni ya jamaa, na tabibu ni mwalimu wao. Hapa pia adabu za lugha zataka kuangaliwa. Mama akiulizwa, "Mtoto anasema?" atajibu, "Anasema," kwa heshima au kwa haya, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Afadhali aulizwe, "Jana alipotaka maji, alikwambiaje?" Katherine Alcock na wenziwe, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, walitengeneza orodha za maneno ya watoto wachanga kwa Kiswahili na Kigiriama katika pwani ya Kenya, wakawahoji akina mama kwa mdomo. Wakaona kwamba mzazi asiyejua kusoma aweza kuwa shahidi mwema wa maneno ya mwanawe, mradi aulizwe kwa njia inayofaa.

Tena, kunyamaza kwa mtoto mbele ya mgeni si dalili ya ugonjwa. Katika nyumba nyingi mtoto hufunzwa kutosema ovyo mbele ya wakubwa. Tabibu mwenye busara humwacha acheze na dada yake, naye akasikiliza kwa mbali. Kwani huyo dada, na watoto wengine wa mtaa, ndio wanaosema naye mchana kutwa. Wao pia wafundishwe, wala wasiachiwe mama na bibi peke yao.

Mazoezi nayo yapatikana humu humu nyumbani. Kwa mtoto asemaye titabu, huwekwa picha mbili, ya kaa na ya taa. Kwanza mama hutaja moja, mtoto akaionyesha. Kisha mtoto hutaja, na mama huonyesha lile alilolisikia. Mtoto aliyetaka kaa akaonyeshwa taa hutambua mwenyewe, bila ya kukaripiwa, kwamba t na k si kitu kimoja. Kwa mtoto mwenye upungufu wa lugha, mama hulipokea neno lake na kulikuza: mtoto akisema "maji," yeye hujibu, "Unataka maji? Haya, maji yako haya, maji ya baridi." Kazi za jikoni, kama kuchambua mchele na kuosha vyombo, zatoa nafasi nyingi za mazungumzo ya namna hiyo.

Kigugumizi chataka upole zaidi. Aghalabu huanza kati ya miaka miwili na mitano, na watoto walio wengi hupona. Mtoto asimaliziwe maneno yake, wala asiamriwe kuanza tena. Asubiriwe, na wanaomzunguka waseme polepole. Mwenye kigugumizi hupata nafuu anaposema pamoja na wengi, na hapo desturi zetu za kale zasaidia sana. Msimulizi akisema "Paukwa!" nyumba nzima hujibu "Pakawa!", mtu akisema "Kitendawili!" wote hujibu "Tega!" Jibu lajulikana kabla, zamu yajulikana, na sauti ya mtoto imo kati ya sauti za wenziwe.

V. Haja iliyo mbele yetu

Tabibu hawezi kusema kwamba mtoto amechelewa asipojua wenziwe hufika lini. Gangji, Pascoe na Smouse, mwaka 2015, walitoa matokeo ya uchunguzi wa matamshi ya watoto 24 wa Dar es Salaam, wenye umri kati ya miaka 3 na 6. Ni mwanzo mwema, na wenyewe waliuita wa awali. Watoto wa Lamu, Pemba, Tabora na Bukavu nao wataka kusikilizwa. Haja hii si ya elimu tupu. Huko Kilifi, uchunguzi uliofanywa baada ya mwaka 2000 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali walibakiwa na upungufu wa lugha. Nao hawawezi kutambuliwa pasipo kipimo cha lugha yao wenyewe.

Wachunguzi wa Kiswahili wamekusanya tenzi, methali na msamiati wa mabaharia na wa mafundi. Maneno ya mtoto wa miaka miwili hayajapata mkusanyaji kwa kiasi hicho. Atakayeyaandika kwa uangalifu, pamoja na umri wa mtoto, mahali alipozaliwa na lahaja ya mama yake, atakuwa ameitumikia sarufi, na atakuwa amempa tabibu kipimo cha haki.