Matale ya Singida na Marumaru ya Wayunani

Azitazamaye sanamu za marumaru za Wayunani na Warumi, zilivyo nyeupe pe, hudhani ndivyo zilivyotoka mikononi mwa mafundi, la hasha. Yule msichana wa marumaru aliyefukuliwa huko Athens, katika kilima cha Acropolis, mwaka 1886, ambaye umri wake wapata miaka 2,500, angali na masalio ya rangi katika nywele na vazi lake. Hata jicho lina habari yake: mboni iliyochimbwa kwa tindo na keekee katika sura ya Mrumi humwarifu mjuzi kwamba sanamu hiyo, aghalabu, ni ya zama za Kaisari Hadrian au baada yake, kwani kabla ya hapo mboni ilitiwa kwa rangi tu, nayo rangi imekwisha kuondoka.

Kwetu Singida mambo ni kinyume, maana huko umbo lilibaki rangi ikapotea, na huku imebaki rangi pasipo umbo. Matale ni jiwe gumu, ijapokuwa Wamisri wa kale walilichonga. Wazee wa huku walikhitari kulichora, chini ya miamba iliyoinama ikazuia mvua. Michoro ya Isanzu, huku huku Singida, iliandikwa habari zake na Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1930, na mwaka 1979 mwanazuoni wetu Fidelis Masao akatoa kitabu juu ya michoro ya nyanda hizi za kati.

Mwenye haraka huona mchoro wa twiga, akaenda zake. Mwenye subira huangalia mistari: ile myekundu, ya udongo wenye kutu ya chuma, ni myembamba na yenye ustadi, nayo hunasibishwa na wawindaji wa kale, jamaa za Wasandawe na Wahadzabe; ile myeupe ni minene, kana kwamba ilipakwa kwa kidole, nayo hunasibishwa na wakulima wa Kibantu waliofuata. Pale nyeupe ipitapo juu ya nyekundu, yajulikana dhahiri ni ipi iliyotangulia, na kwa rai yangu mpandano huo mdogo una thamani kuliko twiga mzima.

Wako wageni wenye tabia ya kuimwagia maji michoro ya namna hii ili ing'ae katika picha, na maji hayo huiharibu. Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika, tazama kwa macho, na chupa yako uiache mkobani.