Dakika 40 za fidla: mkono na sikio kwanza

Kipindi kimoja cha sekondari msingi nchini Kenya ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 20 wanaojifunza fidla lina nyuzi 80, kwa kuwa kila fidla ina nyuzi nne. Mwalimu akitumia nusu dakika kulinganisha sauti ya kila uzi, kengele italia kabla hajafundisha lolote. Hata akizilinganisha mapema, kila mwanafunzi atampata kwa dakika mbili tu. Kwa uhaba huo, wengi hukimbilia wimbo ili matunda yaonekane upesi. Naamini haraka hiyo ndiyo inayopoteza muda. Muhula wa kwanza uwe wa mkono na sikio, nota zisubiri.

Sababu iko kwenye ala yenyewe. Gitaa lina vyuma vinavyoonyesha mahali pa kubana uzi, fidla haina. Kidole kikisogea milimita chache, sauti inaharibika, na sikio pekee ndilo litakalogundua. Mkono wa kulia nao, kidole gumba kikikakamaa kwenye upinde, unakaza hadi begani na uzi unakwaruza. Mazoea hayo yakishaota mizizi, kuyang'oa ni kazi kubwa kuliko kuyazuia. Ndiyo maana Paul Rolland wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alisisitiza mwendo huru wa mwili tangu mwanzo, naye Mjapani Shinichi Suzuki akachelewesha usomaji wa nota, kwa hoja kwamba mtoto huongea lugha ya mama kabla ya kuisoma.

Wapo watakaosema vijana watachoka bila wimbo. Ni kweli, lakini wimbo haukatazwi. Nusu ya darasa inaweza kudonoa kwa vidole wimbo mfupi waliousikia, huku nusu nyingine ikijizoeza mshiko wa upinde kwa penseli, kisha wapokezane. Wengine watauliza kuhusu mtihani. Nota zitakuja, na zikija zitakuwa alama za sauti ambazo mwanafunzi tayari anazijua.

Basi wakuu wa shule wasimpime mwalimu kwa idadi ya nyimbo za siku ya wazazi. Mwalimu wa dakika mbili hawezi kusahihisha kila kosa. Mwanafunzi mwenye mkono mlegevu na sikio linalokataa sauti mbovu atajisahihisha mwenyewe katika dakika 38 zilizobaki.