Klachi ya Pikipiki Inapoteleza: Namna ya Kuitambua Kasoro na Kuitengeneza



Katika vyama vingi vya msingi vya Kilosa na Mikumi, pikipiki ndiyo miguu ya chama. Humpeleka katibu mashambani kuhesabu magunia ya ufuta na mbaazi kabla ya mnada, humleta karani na vitabu vyake mjini, na katika masika hupita mahali ambapo gari halithubutu. Chombo hicho kimenunuliwa kwa makato ya wanachama, na kwa hiyo kukitunza ni sehemu ya kutunza fedha zao.

Kasoro moja huzila fedha hizo polepole bila kelele, nayo ni klachi inayoteleza. Makala haya yaeleza jinsi ya kuitambua, jinsi ya kuitofautisha na kasoro zinazofanana nayo, na hatua za kuitengeneza kwa kufuata gharama: kwanza jambo lisilogharimu chochote, kisha lenye gharama ndogo, na mwisho kufungua injini. Vyama vingi huanzia mwisho, na hapo ndipo fedha hupotea.

KAZI YA KLACHI

Klachi huunganisha nguvu ya injini na gia, na huitenga dereva anapovuta mkono wa kushoto. Ndani yake mna sahani zilizopangwa kwa kupishana: moja yenye ngozi ya msuguano, moja ya chuma tupu, na kuendelea hivyo. Springi huzibana pamoja. Mkono ukiachwa, sahani hushikana na pikipiki huenda. Mkono ukivutwa, springi hulegezwa na sahani huachana.

Bana viganja vyako viwili kwa nguvu kisha ujaribu kuvisugua: havitelezi kwa urahisi. Punguza nguvu ya kubana, au vipake sabuni, navyo vitateleza. Klachi nayo huteleza kwa sababu hizo hizo: ama haibanwi vya kutosha, ama ngozi yake imekwisha, ama imepakwa kitu kisichofaa.

Katika pikipiki zetu nyingi sahani hizo huogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Jambo hili lishikwe vema, kwa maana tutalirudia.

DALILI ZAKE

Dalili kuu ni moja: sauti ya injini hupanda, lakini mwendo haupandi. Huonekana kwanza katika gia kubwa, chombo kikiwa na mzigo au kikipanda mlima, kama vile njia za kuelekea milima ya Rubeho. Baadaye huonekana hata kwenye tambarare. Dalili nyingine ni harufu ya kuungua, oili kuwa nyeusi na yenye harufu kali upesi kuliko kawaida, na petroli kutumika zaidi kwa safari ile ile.

Kabla ya kuilaumu klachi, yafaa kuchunguza mambo haya:

(a) Ikiwa sauti ya injini haipandi na pikipiki ni nzito tu, kasoro haiko kwenye klachi. Tazama chujio la hewa kama limejaa vumbi, na breki kama zinashika gurudumu. Inua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Lapasa kuzunguka bila kukwama.

(b) Ikiwa pikipiki inaruka-ruka kwa mlio wa kugonga, huenda ni cheni inayoruka juu ya meno ya sproketi yaliyolika.

(c) Ikiwa kuteleza hutokea katika gia moja tu, na gia hiyo hujitoa yenyewe, kasoro imo katika gia.

JARIBIO LA BARABARANI

Injini ikiwa imepata moto, endesha mahali tambarare pasipo na watu, katika gia ya tatu au ya nne, kwa mwendo wa kilometa 30 hadi 40 kwa saa. Ongeza mafuta kwa ghafula. Klachi nzima huisukuma pikipiki mara moja. Klachi inayoteleza huiacha injini ipige kelele kwanza, na mwendo hufuata nyuma, au usifuate kabisa. Jaribio hili halihitaji fundi, na katibu aweza kulifanya kabla hajaandika ombi lolote la fedha.

HATUA YA KWANZA: MKONO NA WAYA

Shika ncha ya mkono wa klachi na uuvute taratibu. Kabla waya haujakaza, ncha hiyo yapasa kucheza bure; kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 10 na 20. Kitabu cha pikipiki yenu hutaja kipimo chake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu aonapo klachi inateleza hudhani waya umelegea, naye huukaza. Kumbe waya uliokaza ni sawa na mkono uliovutwa kidogo saa zote: springi hazibani kwa nguvu yao yote, na sahani huteleza zaidi. Tena, kadiri ngozi za sahani zinavyokwisha, ule ulegevu wa mkono hupungua wenyewe. Kwa hiyo dawa ni kuulegeza waya, si kuukaza.

Legeza nati ya kufungia iliyo mkononi, zungusha kirekebishi mpaka kipimo kipatikane, kisha kaza nati tena. Kirekebishi cha mkononi kikifika mwisho, tumia kile kilicho upande wa injini. Hakikisha pia kwamba waya hautui kwa uzito kwa sababu ya kutu au matope. Utie matone ya oili, na kama nyuzi zake zimeanza kukatika, uweke mpya. Rudia jaribio la barabarani. Mara nyingine kazi huishia hapa, na chama hakikutoa hata shilingi moja.

HATUA YA PILI: OILI

Kwa kuwa sahani huogelea katika oili ya injini, oili isiyofaa ni ile sabuni viganjani. Baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Dawa hiyo ni njema kwa injini ya gari, lakini huifanya klachi ya pikipiki iteleze. Nunua oili ya pikipiki ya injini za mipigo minne yenye alama JASO MA, MA1 au MA2 kwenye kopo. Alama hizo huonyesha kwamba imepimwa kwa klachi ya aina hii. Alama ya MB ni ya oili yenye msuguano mdogo, isiyoifaa klachi hii.

Ikiwa kuteleza kulianza punde baada ya kubadili oili, imwageni hiyo mliyotia, tieni inayofaa kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu, na mwendeshe siku chache bila mzigo mzito. Sahani ambazo hazijaungua huweza kupona. Oili iliyomwagwa isiachwe iingie mto wa Mkondoa wala mifereji. Ihifadhiwe katika dumu.

HATUA YA TATU: KUFUNGUA

Ikiwa hatua mbili hizo hazikusaidia, hapana budi kumwita fundi. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zilifuata mfano wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na kwa hiyo kazi hufanana. Katibu asimame karibu na kutazama mambo yafuatayo:

1. Injini iwe imepoa, na oili imwagwe kabla ya kifuniko cha kulia kutolewa. Boliti za kifuniko zipangwe kwa utaratibu, kwa maana urefu wake si mmoja.

2. Boliti za springi zifunguliwe kidogo kidogo kwa kukingamana, si moja mpaka mwisho.

3. Nati ya katikati, katika injini nyingi za namna hiyo, ina mapengo yanayohitaji spana yake maalumu. Fundi anayeipiga kwa tindo na nyundo huiharibu, na pengine huharibu na shafti. Muulizeni kama anayo spana hiyo kabla hajaanza.

4. Sahani zitolewe na kulazwa kwa mpangilio wake. Zenye ngozi zipimwe unene kwa kipimo, na kulinganishwa na kikomo cha kitabu. Zilizong'aa kama kioo, kunuka kuungua au kumomonyoka zitupwe. Za chuma zilazwe juu ya kioo bapa: iliyopinda, au iliyogeuka rangi ya buluu kwa moto, haifai.

5. Springi zipimwe urefu. Zilizofupika zibadilishwe zote kwa pamoja, kamwe si moja moja.

6. Sahani mpya zenye ngozi zilowekwe katika oili ile ile ya injini kwa saa kadhaa, au usiku kucha. Zikifungwa kavu huungua siku ya kwanza.

7. Gasketi iwe mpya, oili itiwe, na ulegevu wa mkono urekebishwe upya kabla ya jaribio la barabarani.

Msikubali njia mbili za mkato. Moja ni kusugua kwa msasa sahani zilizokwisha. Ngozi iliyolika hairudi. Nyingine ni kuweka washa chini ya springi ili zibane zaidi; mkono huwa mgumu, waya hukatika, na kasoro huendelea imefichwa.

KUZUIA NI NAFUU

Klachi haifi yenyewe. Mara nyingi huuawa na mkono wa dereva. Asipumzishe vidole juu ya mkono wa klachi awapo safarini. Asitumie nusu klachi kujinasua matopeni. Ashuke, apunguze mzigo, asukume. Mzigo usizidi uzito ulioandikwa katika kitabu.

Klachi iliyokwisha kuanza kuteleza isitumwe mbali. Barabara kuu ya kutoka Mikumi kwenda Morogoro hupita kiasi cha kilometa 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mahali ambapo tembo na nyati huvuka na ambapo si salama kwa mtu kusimama na chombo kibovu, hasa jioni. Hali kadhalika njia ya Kilosa hadi Mikumi kupitia Ulaya ni ndefu mno kwa kusukuma pikipiki. Hapa hatuzungumzii tena bei ya sahani, bali uhai wa mtumishi wa chama.

DAFTARI LA PIKIPIKI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chama kiweke daftari la pikipiki lenye tarehe, kilometa, jina la dereva, safari, oili iliyotiwa, na kila rekebisho la waya. Mkiona mkono unarekebishwa mara kwa mara katika muda mfupi, mjue sahani zinakaribia mwisho, nanyi mtapanga fedha kabla ya msimu, si katikati yake. Vipuri vya zamani virudishwe ofisini pamoja na stakabadhi ya vile vipya, bodi ivione na mkaguzi avikute. Hivyo mwanachama atakayeuliza kwenye mkutano mkuu fedha za matengenezo zilikwenda wapi atajibiwa kwa daftari, na sahani zilizoungua zitakuwa mezani mbele yake.